Bega la Kushoto

Siku mliyoniaga pale zahanati, baada ya pilau na soda, mlinipa shati la kitenge mkaning'ang'aniza nilivae palepale mbele za watu. Nilipovua la zamani, yule muuguzi mgeni aliyetoka chuoni mwaka huu aliliona bega langu akauliza, "Babu, mbona BCG yako imekaa kushoto?" Mkacheka, nami nikacheka. Nikamwambia hiyo si ya kifua kikuu, ni ya ndui. Akataka kujua ndui yenyewe ilikuwaje, maana chuoni waliipitia juujuu tu. Keki ikaletwa, nami nikaponea hapo.

Basi haya ndiyo majibu yake. Mambo ya vyeo na mishahara mtayakuta kwenye jalada langu, kama panya wa ofisi ya wilaya hawajalimaliza. Mimi nataka kuwaeleza habari za miaka ya hamsini, nilipokuwa kijana mwenye magoti mazima, na habari za watu wawili walionifundisha kazi. Mmoja alikuwa dresa, yaani mganga msaidizi wa siku zile. Mwingine hakuwa na cheo chochote, na huyo ndiye ninayemkumbuka kila siku iendayo kwa Mungu.

Nilitoka kwetu Tukuyu nikapata kazi ya kuchemsha sindano katika hospitali ya serikali pale Mbeya. Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa dresa mmoja Mhehe, Bwana Luvanda, mtu mrefu, mkavu, aliyejifunza uganga jeshini wakati wa vita. Alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akaniuliza kama Mnyakyusa anaweza kufanya kazi siku nzima bila kula ndizi. Nikamjibu kwamba sijawahi kujaribu. Alicheka puani, akaniambia nimfuate.

Alinipeleka kwenye chumba cha vipimo, akachota usaha kidogo kutoka kwenye jipu la mtu, akaupaka kwenye kioo, akaupitisha kwenye rangi, akaniinamisha kwenye hadubini. Wakati ule wote tuliiita darubini tu. Niliona vitone vidogo kama mbegu za mchicha, na katikati yake madude makubwa, meupe, mengine yakiwa na vitone vile tumboni. Bwana Luvanda alinieleza kwamba vile vitone ni bakteria, na yale makubwa ni walinzi wa mwili. Wameingia wezi, walinzi wamewameza, na wengi wamekufa nao. "Huo usaha unaoufuta kwa kinyaa," alisema, "ni maiti za walinzi wako. Uufute kwa heshima." Nimefuta usaha karibu miaka arobaini na tano tangu siku hiyo, na sijawahi kukunja uso.

Nikamwomba anionyeshe na ndui. Akasema hiyo haionekani kwa kioo chetu. Ni kirusi, kidogo mno, na tabia yake ni tofauti: hakizururi nje kama bakteria, kinaingia ndani kabisa ya nyama ya mtu na kuzaliana humohumo, kama mgeni anayegeuza nyumba yako kiwanda chake. Penisilini, ambayo wakati ule tuliiona kama muujiza, ilisaidia vidonda vya ndui visioze, lakini ndui yenyewe haikuitisha hata kidogo. Nikauliza sasa inauawa na nini. "Na mwili uliowahi kuiona," alisema, "au uliowahi kumwona ndugu yake." Nilidhani ananitania tena. Hakuwa anatania.

Ndugu yake ni ugonjwa mpole unaofanana nayo, ambao maji yake yalikuzwa kwenye ngozi za ndama. Tulipewa maji hayo katika vijirija vyembamba vya kioo. Unavunja ncha zote mbili, unapuliza tone moja kwenye bega la kushoto, unachana ngozi kidogo juu ya tone hilo, usitoe damu. Baada ya siku kadhaa kinatoka kipele, kinajaa maji, kinabonyea katikati, halafu kinakauka na kuacha kovu. Wakati wote huo mwili unapigana na yule mpole, na ukimaliza umekwisha jifunza ukoo mzima. Akija yule mkali, walinzi wanamjua. Kipele kikitoka tulisema imeshika. Kisipotoka, ulikuwa umemkwaruza mtu bure.

Adui wa yale maji alikuwa joto. Mbeya hapakuwa na shida, kwa baridi ile ya chini ya mlima Loleza, tena hospitali ilikuwa na friji ya mafuta ya taa. Kasheshe ilikuwa safarini. Tuliweka vijirija na barafu kwenye chupa ya chai, na barafu ikiyeyuka tulivihamishia kwenye mtungi uliojaa mchanga uliolowa maji, tukaufunika kwa gunia bichi. Bwana Luvanda alipenda chai kuliko kitu chochote, lakini safari nzima alikunywa maji, kwa sababu chupa ilikuwa na wageni. Nyinyi leo mna masanduku ya baridi yenye kipimajoto na bado mnanung'unika.

Tulizunguka sana. Tulichanja Iringa, milimani Kilolo ambako watoto walikimbilia kwenye mahindi wakituona, na Ruaha Mbuyuni ambako joto lilitufanya tuuchungulie mtungi kila mara. Mwaka mmoja, mvua zikiwa zimeanza, tukatumwa Usangu, upande wa Ubaruku, kwenye mashamba ya mpunga. Ndui ilikuwa imetokea kule. Tulichanja kijiji kizima, tukaendelea na vijiji vya jirani, tukarudi kukagua mabega.

Tukakuta mabega laini. Nyumba baada ya nyumba, hakuna kipele. Bwana Luvanda alikaa kwenye kigoda akashika kichwa. Alikuwa na hakika kwamba maji yetu yamekufa kwa joto, kwamba tumetembea na mtungi wa mchanga kama wendawazimu. Hapo ndipo alipokuja Otilia.

Alikuwa binti wa Kibena ambaye baba yake alikuwa amehamia huku kulima. Uso wake wote, tangu kwenye paji hadi shingoni, ulikuwa umechimbwa na ndui. Alikuwa ameugua utotoni kule kwao Ubena, akapona, mama yake hakupona. Kwa desturi ya wakati ule, mtu aliyekwisha kuliwa na ndui ndiye aliyewauguza wenye ndui, ndiye aliyewapelekea maji kwenye vibanda vya porini, na ndiye aliyewazika, kwa sababu watu walijua bila kusoma popote kwamba ndui hairudii mtu. Basi Otilia aliitwa kila ilipozuka. Walimshukuru na kumwogopa kwa pamoja. Kanisani alikaa benchi la peke yake, na kibuyu alichonywea hakuna mwingine aliyekigusa.

"Kamwene, Bwana Dresa," alisalimia kwa Kibena. "Dawa yenu haijafa. Wanaifuta."

Akatueleza. Pale kijijini, mtoto akichanjwa chale, mama hupaka palepale masizi ya mizizi iliyochomwa, yaliyochanganywa na mafuta ya nyonyo. Kumchana mtoto ngozi halafu kumwacha hivihivi ilikuwa ni kumtelekeza. Akina mama wale waliona serikali imewachana watoto wao ikasahau dawa ya kumalizia, wakaona aibu kwa niaba yetu, wakamalizia wenyewe. Tukiondoka tu, masizi yanapakwa, na maji yetu yanafutika kabla hayajaingia.

Mimi nilikuwa tayari kutoa hotuba ya kukataza. Bwana Luvanda akamuuliza Otilia kwanza: je, wakikatazwa wataacha? Otilia akasema hapana, watapaka tukishapita mtoni. Akafikiri kidogo, akasema, "Wachanje mikono miwili. Huku yenu, huku ya kwao." Ndivyo tulivyofanya. Bega la kushoto chanjo ya serikali, isiguswe. Bega la kulia chale ya nyumbani, ipakwe masizi hadi mama aridhike. Hakuna aliyepinga. Kwenye taarifa Bwana Luvanda aliandika tu kwamba wananchi walitoa ushirikiano.

Lakini hatukuwahi kumaliza. Dada yake Otilia, Veronika, alikuwa mmoja wa wale waliopaka masizi mwanzoni, akajipaka yeye na mwanawe Agata, kitoto kilichokuwa kinaanza kusimama kwa kushika ukuta. Tukiwa bado tunarudia nyumba za upande wa pili, Veronika alishikwa na homa na mgongo, kisha vipele vikaanza mdomoni na usoni. Alikuwa amelala na mtoto kitanda kimoja.

Veronika akapelekwa kibandani, na Otilia akaingia naye kumuuguza. Mtoto akabaki nyumbani kwa babu yake, yaani baba yao, mzee aliyeugua zamani kama Otilia. Bwana Luvanda alinieleza hesabu yake tukiwa tunatembea haraka kuelekea huko. Kirusi cha ndui kikishaingia mtu kinachelewa kuanza fujo, kinajijenga kwanza kimyakimya. Chanjo ni nyepesi, inafika mapema. Tukimchanja Agata sasa hivi, walinzi wake wanaweza kuwa wamejifunza kabla yule mkali hajatoka mafichoni. Tukichelewa, basi. Na vijirija vilivyobaki vilikuwa vile vya chini kabisa mtungini, barafu ilikwisha zamani, na mvua ilikuwa imekata barabara ya kurudi Mbeya. Yaliyomo humo yalikuwa hai au yalikuwa maji tu, hakuna aliyejua.

Bwana Luvanda alimchanja sehemu mbili za bega la kushoto. Nilimshika mtoto. Akaniambia, "Ukitetemeka, tetemekea miguuni, siyo mikononi."

Otilia hakuweza kuja kumwona mtoto, kwa sababu nguo zake zingebeba ugonjwa. Tulikuwa tumechora mstari wa majivu kwenye njia ya kibandani: wa ndani hatoki, wa nje haingii, ila Bwana Luvanda anapokwenda na penisilini yake. Kwa hiyo kila asubuhi, nikishamkagua Agata, mimi nilikwenda kusimama kwenye mstari ule, na Otilia alitoka kibandani kusimama upande wake. Aliniuliza jambo moja tu, kama imeshika. Nami nilimjibu bado.

Asubuhi ya kwanza alinishukuru. Ya pili akanishukuru tena. Iliyofuata hakushukuru, alinitazama tu, akasema, "Usinidanganye kwa kunihurumia. Vero ananiuliza mimi, na mimi siwezi kumdanganya."

Sijapata kuogopa bega la mtoto kama nilivyoogopa lile. Nilikuwa nikiamka najiambia leo nitakuta kitu, nikifika nakuta ngozi laini, na Agata ananicheka na meno yake mawili. Nyinyi mnaochanja kwa kampeni, mnamaliza tarafa nzima na kurudi na gari, sijui kama mmewahi kumsubiri mtoto mmoja. Unatazama ngozi ya nje tu. Ndani huoni kitu, huku wewe unajua kwamba humo kuna mbio zinakimbizwa, na hakuna unaloweza kufanya kumsukuma yeyote.

Kisha asubuhi moja nikakuta kidoa chekundu. Mbu wa Usangu nao wana vidoa vyao, kwa hiyo nilimwita Bwana Luvanda. Aliinama, akavaa miwani, akavua, akasema nisubiri hadi kesho. Nikaenda mstarini nikasema bado, na ilikuwa kweli, ingawa kile kidoa sikukitaja. Kesho yake kidoa kilikuwa kimeinuka, na cha pili kando yake. Iliyofuata vyote viwili vilikuwa na maji, vimebonyea katikati, na ngozi pembeni imepata wekundu wa walinzi waliokusanyika. Agata alikuwa na kihoma kidogo na hasira nyingi. Bwana Luvanda alinipiga mgongoni kwa kofi lililonisukuma hadi mlangoni.

Nilikimbia. Nilipofika kwenye majivu, mvua ilikuwa inapiga manyasi ya kibanda, na Otilia alitoka akiwa amejifunika gunia. Nikaita imeshika, akaweka mkono sikioni, hasikii. Basi nikaweka mkono wangu wa kulia kwenye bega langu la kushoto, nikaligonga mara kadhaa. Alisimama vilevile. Halafu naye akaweka mkono kwenye bega lake la kushoto, akageuka, akaingia ndani kwa dada yake.

Veronika alifariki siku ya pili yake. Otilia alinieleza baadaye kwamba alikuwa hawezi tena kuongea, kwa vidonda vya koo, lakini alipoambiwa alisogeza mkono wake hadi begani. Otilia na mzee wao ndio waliomzika, kama desturi ilivyotaka. Sisi wengine tulisimama nje ya majivu tumevua kofia. Nililia waziwazi, na Bwana Luvanda, ambaye nilimtegemea anikaripie, alikuwa analia pia.

Agata alipata vipele vichache visivyo na nguvu, mgongoni, vikakauka kabla havijamjua. Mkali alikuwa ametoka mafichoni akakuta mlango una walinzi. Tulichoma kibanda, tukakaa hadi hapakuwa na mgonjwa mwingine, barabara ikafunguka, tukaondoka na lori la mpunga. Otilia alisimama kando ya njia, Agata mgongoni. Nilimgongea bega. Akanigongea lake.

Mvua zilipokwisha nilirudi Ubaruku, safari hii bila mtungi. Nilimwambia baba yake nilichokuja kutafuta. Otilia aliyekuwa ndani akatoka, akauliza mbele yetu wote, "Umeuona vizuri uso huu, au siku zote kulikuwa na mvua?" Nikamwambia nimeuona. Akasema nikautazame tena kesho kukiwa na jua, kisha nirudi. Nikarudi. Tukaoana. Kule kwetu Tukuyu mama yangu hakumkaribia siku kadhaa alipomwona, hadi alipouguliwa na majirani na Otilia akawa ndiye wa kwanza kuamka kwenda kuwauguza. Baada ya hapo, mtu akiuliza kuhusu ule uso, mama ndiye aliyemjibu, na majibu yake hayaandikiki hapa.

Bwana Luvanda alistaafu akarudi Kilolo, akanywa chai yake yote aliyokuwa akiidai dunia, akafa mzee. Agata tulimlea, akaolewa Iringa, leo ana wajukuu. Mimi na Otilia tuliishi Iringa, kisha Mbeya. Kila nilipokwenda safari ya chanjo alitoka mlangoni, nami nikifika kwenye kona niligonga bega, naye aligonga lake. Nimechana mabega ya watu wengi kuliko ninavyoweza kukumbuka, ya machifu, ya watoto wanaouma, ya mapadri wanaofumba macho. La kwake sikuwahi kulichana. Halikuhitaji. Lilikuwa laini kabisa hadi mwisho.

Aliondoka mvua za mwaka jana, kwa moyo, si kwa vijidudu vyovyote ninavyovijua. Ndiyo maana mliponiaga nilikimbilia keki, samahani. Nilipotoka pale na shati langu jipya nilifika kwenye kona ya nyumbani, nikajikuta mkono umepanda begani wenyewe. Mlango ulikuwa umefungwa, kwa sababu mwenye ufunguo ni mimi.

Sasa, binti yangu, umeuliza ndui ilikuwaje. Ilikuwa inaacha uso ambao ukiuona mara moja huusahau. Mimi na Bwana Luvanda na wengine wengi tulitembea nchi hii ili sura ya namna hiyo isionekane tena, na siku walipotangaza redioni kwamba ndui imekwisha duniani, Otilia alipiga vigelegele hadi majirani wakaja. Na kweli haionekani. Siku hizi sina kazi, kwa hiyo nashuka stendi, naingia soko la Mwanjelwa, nakaa kwenye benchi natazama nyuso zinazopita, mamia kwa mamia, changa kwa nzee. Zote laini. Tulifanya kazi nzuri. Nakaa hadi jioni, na hakuna hata mmoja unaofanana na wa kwake.